Ifuate boni ya damu: kufundisha wanafunzi wa afya kushirikiana na kuboresha huduma, kwa wiki nane, wodi moja

Saa tatu asubuhi daktari anaandika boni ya damu, yaani karatasi ya kuomba damu, kwa mtoto wa miaka miwili aliyeletwa usiku kutoka bonde la Ruzizi, viganja vimekuwa vyeupe. Saa tisa alasiri tone la kwanza linaingia mshipani. Katika saa hizo sita kila mtu alifanya kazi yake: daktari aliandika, muuguzi akajaza tyubu, mama akaenda kulipa, labo ikapima. Ukitafuta aliyechelewesha, humpati.

Jioni ile niliwaita mastajiere wanne waliohusika, yaani wanafunzi walio kwenye staji, mazoezi ya hospitalini, kila mmoja kutoka shule yake. Wa labo akasema: "Mimi boni ilinifikia saa saba. Na tyubu haikukuwa na jina." Wa uuguzi akajibu kwamba alimkabidhi mama wa mtoto boni na tyubu tangu asubuhi. Mama alikuwa amekwama kwenye dirisha la malipo, akimsubiri shemeji yake apande kutoka Kadutu na pesa. Yule wa udaktari alinyamaza kidogo, kisha akauliza dirisha la malipo liko wapi. Alikuwa na wiki ya sita katika hospitali hiyo.

Tangu siku hiyo sifundishi tena somo la ushirikiano peke yake na somo la ubora wa huduma peke yake. Nachukua tatizo moja dogo la kweli ndani ya wodi, nawapa wanafunzi wa fani mbalimbali walihesabu na kulipunguza, na wakiwa humo wanajifunza yote mawili. Mwongozo huu ni wa wasimamizi wa staji hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, iwe wanafunzi wanatoka ISTM (chuo cha ufundi wa afya), kwenye ITM (shule ya sekondari ya afya), au kwenye vitivo vya udaktari vya vyuo vikuu vya UCB, UEA na UOB. Mfano wangu kuanzia mwanzo hadi mwisho ni damu ya watoto. Wewe unaweza kuchukua joto la watoto wachanga, au dozi ya kwanza ya antibiotiki. Tatizo lolote linafaa, ilimradi lipite mikononi mwa fani tatu au zaidi.

Kwanza tuelewane kuhusu neno

Shirika la Afya Duniani, katika waraka wake wa mwaka 2010, lilisema kwamba elimu ya pamoja ni pale wanafunzi wa fani mbili au zaidi wanapojifunza kuhusu wenzao, kutoka kwa wenzao, na pamoja na wenzao. Hayo ni mambo matatu. Kuwajaza wanafunzi wa sehemu tano kwenye ukumbi mmoja wasikilize mhadhara wa usafi wa mikono ni kushirikiana viti tu.

Chuo Kikuu cha Linköping, Sweden, kilianza kuchanganya wanafunzi wa afya mwaka 1986, na miaka kumi baadaye kikafungua wodi inayoendeshwa na timu za wanafunzi chini ya wasimamizi. Sisi hatuna wodi ya kuwaachia wanafunzi. Ila tuna vitanda vya pediatri, yaani wodi ya watoto, na wanafunzi wamekwisha kujazana humo, kila kundi na kanzu zake.

Kuna kisa kimoja huwa nawasimulia siku ya kwanza. Hospitali kuu ya Vienna, katikati ya karne ya 19, ilikuwa na maternite (wodi za uzazi) mbili. Moja ilifundisha wanafunzi wa udaktari, nyingine wakunga. Ile ya madaktari iliua akina mama wengi zaidi, kwa sababu wanafunzi walitoka kupasua maiti wakaja moja kwa moja kuwapima wazazi. Mwaka 1847 Ignaz Semmelweis aliwalazimisha kunawa kwa maji ya klorini. Vifo vilivyokuwa takriban 18 kwa kila wazazi 100 mwezi Aprili vilishuka hadi kama 2 mwezi Juni. Hapo husimama, nikauliza: kwa miaka yote ile, wakunga wa upande wa pili walikuwa wanafanya nini tofauti, na nani aliwahi kwenda kuwauliza? Halafu naongeza kwamba Semmelweis alikuwa na takwimu sahihi, lakini wenzake wengi walimkataa. Kuwa na namba nzuri bila watu ni nusu ya kazi.

Ruhusa, kabla hujamgusa mwanafunzi hata mmoja

Nenda kwa mkuu wa wauguzi wa wodi kabla ya kwenda kwa mkurugenzi. Najua hiyo si njia ya itifaki. Lakini mkurugenzi atasaini barua asubuhi, na mchana mama mkuu wa wodi atakuambia hana habari, na mradi umekufa hapo. Akishakubali yeye, pandeni pamoja kwa daktari mkurugenzi, kwa mkurugenzi wa uuguzi na kwa mkuu wa labo. Ukurasa mmoja unatosha: tatizo gani, wodi gani, wiki ngapi, nani anasimamia, na sentensi inayosema kwamba majina ya wagonjwa hayataandikwa kwenye karatasi zetu. Ukitaka baadaye kuchapisha matokeo kama utafiti, hiyo ni kazi nyingine, na inapitia kamati ya maadili kabla ya kuanza.

Usisubiri shule zibadilishe programu zao. Kalenda za staji za A2 (uuguzi wa ngazi ya sekondari), A1 (uuguzi wa ngazi ya chuo) na udaktari hazilingani, na hazitalingana kwa ajili yako. Chukua kalenda zote, ziweke juu ya meza, tafuta wiki nane ambamo angalau fani nne zipo hospitalini kwa pamoja. Nilipokosa nane nilifanya sita. Chini ya sita, wanafunzi wanaondoka kabla mstari wa matokeo haujaanza kusema kitu.

Muda ni mikutano miwili kwa wiki, dakika 60 kila mmoja, saa nane mchana baada ya kazi za asubuhi. Vifaa: karatasi kubwa ya manila, kalamu za rangi mbili, rula, saa ya ukutani inayotembea, na uniti kidogo za simu. Kompyuta iache. Umeme wa SNEL ukikatika, karatasi ya ukutani bado inasomeka.

Kuunda timu

Watu sita hadi wanane. Mimi huchukua wawili wa uuguzi (mmoja A2, mmoja A1), mmoja wa ukunga, mmoja au wawili wa udaktari, mmoja wa labo, mmoja wa usimamizi wa hospitali, na wa famasi akipatikana. Yule wa usimamizi husahauliwa mara nyingi, kumbe ndiye pekee anayejua pesa inapita wapi.

Mwenyekiti abadilike kila wiki, na wiki ya kwanza asiwe wa udaktari. Sababu iko wazi kwa yeyote aliyekaa katika hospitali zetu: mwanafunzi wa udaktari anaitwa "Docta" tangu siku anayovaa kanzu, na mwenzake wa A2 mwenye miezi mingi zaidi kando ya kitanda anaitwa "wewe wa staji". Sipigani na heshima. Wagonjwa wamwite Docta, na mkuu wa wodi abaki Mama Chefu. Lakini ndani ya mkutano wetu kila mmoja anaitwa kwa jina lake, na ndugu au dada mbele yake kama umri unadai.

Halafu kuna lugha. Masomo yetu ni Kifaransa, dosari (faili ya mgonjwa) ni Kifaransa, na anayesema Kifaransa kilichonyooka huonekana anajua. Katika timu yangu ya kwanza niliacha mikutano iende kwa Kifaransa kama darasani. Nilihesabu kwa vijistari kwenye daftari langu nani anazungumza: wawili wa udaktari walichukua karibu mkutano mzima, na binti wa A2 hakupata hata kijistari kimoja. Mkutano uliofuata nikasema tunazungumza Kiswahili, tunaandika Kifaransa. Binti yule alisema jambo ambalo lilitubadilishia mradi: kwamba usiku tyubu za kuchukulia damu zinafungiwa kabatini, na ufunguo anaondoka nao mtu wa mchana. Alilijua hilo tangu wiki ya kwanza. Hakuna aliyemuuliza kwa lugha aliyoweza kuijibia.

Siku mbili za kutembea

Kabla ya semina yoyote, fanya zoezi hili. Kila mwanafunzi anaandika kwenye kipande cha karatasi: "Nadhani kazi ya mtu wa labo boni ikimfikia ni..." na hivyo hivyo kwa fani nyingine. Mwenye fani anasoma kwa sauti yaliyoandikwa juu yake, kisha anasahihisha. Kucheka kutakuwapo, kuache. Siku ile wa labo alisoma kwamba kazi yake ni "kuweka damu kwenye mashine na kungoja". Akasimama, akaeleza kundi la damu, ulinganifu wa damu ya mtoto na ya mfuko, na vipimo vinne vya mfuko wa mtoaji ambavyo haviruki mtu: VVU, hepatitisi B, hepatitisi C na kaswende. Wenzake walinyamaza.

Kisha wanatembea. Wawili wawili wa fani tofauti wanaifuata boni moja kwa miguu, saa mkononi, kutoka kalamu ya daktari hadi tone la kwanza. Hawasaidii, hawasahihishi mtu, wanaandika tu saa na mahali. (Isipokuwa mtoto yuko hatarini. Hapo wanaacha daftari na kuita msaada, na uwaambie hivyo kabla hawajaanza.) Wa udaktari akae saa mbili labo. Wa labo amfuate mama wa mtoto hadi dirisha la malipo, apange naye foleni.

Wakirudi, wachore njia kwenye manila. Kwa kawaida inakuwa hivi: ombi limeandikwa, damu ya mtoto imetolewa na tyubu kuandikwa jina, familia imelipa, boni na tyubu zimefika labo, kundi limejulikana, mfuko umepatikana kwenye frigo au ndugu ameitwa kutoa damu, vipimo, ulinganifu, mfuko umefika wodini, watu wawili wamehakiki kando ya kitanda, tone la kwanza. Chini ya kila hatua andikeni dakika. Mwalimu usiseme kitu. Watazame wenyewe ni wapi karatasi ilikaa tu bila mtu yeyote kuishughulikia. Wengi huja wakiamini kwamba labo ni wavivu. Mchoro huonyesha kwamba kabla boni haijafika labo, nusu ya muda imekwisha kuliwa.

Maswali matatu

Sasa ndipo unaleta nadharia, na iwe fupi. Gerald Langley na wenzake walilipa jambo hili umbo la maswali matatu katika kitabu chao cha mwaka 1996, wakijenga juu ya kazi za Walter Shewhart na Edwards Deming, watu waliotoka upande wa viwanda. Tunataka kufikia nini? Tutajuaje kwamba badiliko ni nafuu? Tubadilishe nini?

Swali la kwanza lizae sentensi moja yenye namba na tarehe. Wanafunzi huandika "kuboresha utoaji wa damu kwa watoto". Irudishe. Chukulia kwamba muda wa kati mliopima (ule wa katikati mkizipanga dakika kutoka ndogo hadi kubwa) ni dakika 300, basi sentensi inayofaa ni: kufikia Ijumaa ya wiki ya nane, muda wa kati kutoka boni hadi tone la kwanza, kwa watoto wa pediatri wenye upungufu mkali wa damu, ushuke hadi dakika 180. Kama hawawezi kuisema bila kutazama karatasi, bado ni ndefu.

Swali la pili lidai vipimo vya aina tatu. Kimoja cha lengo lenyewe: dakika. Kimoja au viwili vya njiani, kama vile tyubu ngapi zimefika labo zikiwa na jina kamili. Na kimoja cha ulinzi, na hiki usikubali wakiruke: je, kwa kukimbia tumevunja kitu kingine? Katika damu, kukimbia kunaweza kuua. Kwa hiyo tunahesabu kila mfuko: vipimo vinne vimefanyika vyote? Ulinganifu umeandikwa? Watu wawili wamesoma jina la mtoto na namba ya mfuko kando ya kitanda? Mfuko umetundikwa ndani ya dakika 30 tangu utoke kwenye frigo, na umekwisha ndani ya saa nne? Ikitokea hata mara moja kwamba hapana, mbio zinasimama na timu inakutana siku hiyo hiyo.

Saa tatu au saa tisa?

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo nilipoharibu wiki mbili nzima. Sisi tunasema saa tatu asubuhi, na dosari inaandika 9h00. Mwanafunzi mmoja aliandika "3h" akimaanisha saa tatu ya Kiswahili. Mwingine akaisoma kama saa tisa za usiku. Mtoto mmoja akaonekana amepata damu kabla ya boni kuandikwa. Tukatupa karatasi zote, tukaanza upya.

Kanuni tuliyoweka: mdomoni sema unavyosema nyumbani, kwenye karatasi andika saa 24 kama dosari, 09:00, 15:20. Kila mtu aandike saa ya ukutani ya mahali alipo, na Jumatatu asubuhi mmoja apite na simu yake kuzilinganisha saa za wodi, labo na dirisha la malipo. Saa ya labo yetu ilikuwa nyuma kwa dakika 25, na hakuna aliyewahi kuhitaji kulijua hilo.

Karatasi ya kukusanyia iwe na mistari sita, si zaidi: namba ya mtoto katika mradi (bila jina), saa ya boni, saa tyubu ilipofika labo, saa mfuko ulipotoka, saa ya tone la kwanza, na nafasi ya neno moja, "kilichokwamisha". Ikiwa ndefu, muuguzi wa zamu ya usiku ataijaza asubuhi kwa kukisia, nawe utakuwa unachora ndoto.

Kisha mstari wa ukutani. Siku kwenda kulia, dakika kwenda juu, nukta moja kwa kila mtoto. Watoto wanaohitaji damu si wengi kila siku, kwa hiyo asilimia za wiki zitawadanganya: watoto wawili kati ya watatu ni "67%", na mmoja akichelewa wiki ijayo kila mtu analia. Nukta ya mtoto mmoja mmoja haidanganyi. Mkifikisha nukta kumi au zaidi kabla ya kubadilisha chochote, pangeni dakika kutoka ndogo hadi kubwa, chukueni ya katikati, vuteni mstari wa rangi nyingine. Baadaye, nukta sita mfululizo zikikaa upande mmoja wa mstari huo, kuna jambo limebadilika kweli. Nukta mbili nzuri ni bahati. Hilo lifundishe mapema, kabla furaha haijaingia.

Kujaribu kwa mtoto mmoja

Wanafunzi wakishaona tatizo wanataka kubadilisha hospitali nzima Jumatatu. Wazuie. Mzunguko una sehemu nne: panga, fanya, chunguza, amua. Jaribio la kwanza ni mtoto mmoja, muuguzi mmoja, zamu moja. Mkifaulu, watoto watatu. Kisha zamu ya usiku, ambako mambo mengi mazuri ya mchana hufia.

Jambo linaloachwa na karibu kila timu ni utabiri. Kabla ya kujaribu, waandike wanachotarajia: "Boni ikipelekwa na mtu wa wodi badala ya mama, itafika labo ndani ya dakika 15." Bila utabiri hakuna kushangaa, na asiyeshangaa hajifunzi. Wa kwetu ilifika kwa dakika 50, kwa sababu yule mtu wa wodi alisubiri zikusanyike boni tano apeleke kwa safari moja. Alikuwa na haki: mlima kutoka jengo la pediatri hadi labo anaujua yeye.

Nikupe pia jaribio lililotufia. Tuliamua kwamba boni za dharura ziwe na kona nyekundu. Siku ya kwanza labo walifurahi. Siku ya nne boni zote zilikuwa na kona nyekundu, hata za kuangalia minyoo, kwani nani anataka boni ya mtoto wake iwe ya pili? Wanafunzi walitaka kulificha kwenye ripoti. Nikawaambia waliweke ukurasa wa kwanza.

Kilichotusogeza mbele kilikuwa kidogo mno hata ni aibu kukisimulia: tyubu ya kulinganisha damu ichukuliwe kwa sindano ile ile ya vipimo vya kwanza, iandikwe jina papo hapo kando ya kitanda, na ufunguo wa kabati ukabidhiwe kwa mkono wakati wa kubadilishana zamu. Suala la malipo, yaani labo ianze kabla familia haijalipa, lilikuwa juu ya uwezo wa wanafunzi. Waliloweza ni kumpelekea mkurugenzi mchoro wenye dakika chini ya kila hatua. Wafundishe mpaka huo: lililo mikononi mwenu jaribuni, lisilo mikononi mwenu lipelekeni na namba kwa mwenye nalo.

Kusema ili usikike

Kwenye simu na kwenye makabidhiano ya zamu tumieni SAED: situesheni, antesedenti, evaluesheni, dimandi. Ni umbo la Kifaransa, lililotolewa na mamlaka ya afya ya Ufaransa mwaka 2014, la njia iliyoanzia kwa wanamaji wa nyambizi za Marekani na kuingizwa hospitalini huko. Wanafunzi wetu wanaishika upesi kuliko ile ya Kiingereza, kwa sababu maneno wanayajua. Wafanye mazoezi kwa sauti, wawili wawili, mmoja akimpa mgongo mwenzake ili asione uso, kama kwenye simu. Hivi ndivyo mmoja wa timu yangu alivyopiga:

"Docta, njo mimi stajiere wa pediatri, kitanda ya ine. Mutoto wa miaka mbili, anapumua mbio na viganja viko vyeupe. Alifika jana usiku kutoka Kamanyola, iko na malaria, hajapewa damu hata siku moja. Himoglobini ni 3.8, moyo inapiga 170. Ninaomba ukuje sasa, na ninaomba labo ituambie kama kuko mufuko ya O kwenye frigo."

Anayepokea arudie: "Kitanda ya ine, 3.8, ninakuja, na unataka O." Kurudia huku huonekana kitoto mpaka siku "kitanda ya ine", yaani ya nne, iliposikika "kitanda ya nane".

Kumpinga mkubwa ni somo gumu zaidi. Vitabu vya kigeni vinamwambia mwanafunzi aseme wazi "simama, si salama". Kwetu, mwanafunzi wa A2 akimwambia hivyo daktari mbele ya wagonjwa, kesho staji yake ina shida, na yeye analijua hilo, kwa hiyo atanyamaza. Nawapa ngazi tatu. Kwanza swali la heshima: "Docta, naomba tusome pamoja namba ya mfuko." Asiposikilizwa, sababu: "Docta, nina wasiwasi, jina la kwenye mfuko si la mtoto huyu." Asiposikilizwa tena, anafunga kidhibiti cha damu na kumwita Mama Chefu. Hiyo ngazi ya tatu nimekubaliana na wakuu wote kwa maandishi kabla ya wiki ya kwanza: mwanafunzi aliyesimamisha mfuko kwa nia njema haadhibiwi, hata akiwa amekosea. Bila karatasi hiyo, ngazi zote tatu ni mchezo wa darasani.

Wanaodharau mambo haya wasomee orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo Ifakara nchini Tanzania, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka 1.5% hadi 0.8%. Miongoni mwa mambo yaliyomo ni kila mtu chumbani kutaja jina lake na kazi yake.

Wasimamizi na alama

Simamieni wawili, wa fani tofauti. Mimi hushirikiana na mkunga mwenye miaka mingi kuliko mimi, na mara mbili tumebishana mbele ya wanafunzi juu ya nani aandike saa ya tone la kwanza. Yeye alishinda. Wanafunzi walijifunza zaidi pale kuliko kwenye slaidi zangu.

Alama usizitoe kwa kushuka kwa dakika, maana ukifanya hivyo dakika zitashuka kwenye karatasi tu. Toa kwa daftari la majaribio, kwa utabiri ulioandikwa kabla, kwa jaribio lililoshindwa na lilivyosimuliwa, na kwa kila mmoja kueleza njia ya boni kutoka upande wa fani isiyo yake. Mwambie wa udaktari aeleze kazi ya labo, na wa labo aeleze kwa nini muuguzi hawezi kuondoka wodini usiku. Rudia pia vijistari vyako vya nani anazungumza, wiki ya kwanza, ya nne na ya nane, ubandike matokeo waone wenyewe.

Wiki ya nane

Timu inaondoka, wodi inabaki. Wiki ya saba mtafute mtu wa wodi, mfanyakazi wa kudumu, atakayebaki na manila, na wiki ya nane aweke nukta yeye huku wanafunzi wakitazama mikono ikiwa nyuma. Akikataa, uliza kwa nini. Wetu alikataa kwa sababu karatasi ilikuwa na mistari sita na yeye alikuwa na wagonjwa thelathini. Tukaipunguza hadi miwili: saa ya boni, saa ya tone la kwanza. Akakubali.

Siku ya mwisho pangeni mkutano mmoja na kundi linalofuata la mastajiere, dakika thelathini mbele ya ukuta. Binti wa A2 niliyemtaja ndiye aliyeongoza wa kwetu. Aliwapa kalamu, akawaambia waandike saa iliyokuwa inasoma ukutani, yaani saa tisa na nusu mchana. Watatu kati ya saba waliandika 9:30. Akachukua kalamu, akaanza kuwaeleza.